Mafuta ya Damu Baada ya Chakula, na Kazi ya Insulini

Leo, kabla hatujaanza, nataka uwe na bilauri ya maji, kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, na kipande kidogo cha sabuni. Aliye karibu na jikoni na avitwae, nitangoja.

Haya. Mimina mafuta juu ya maji. Yanaelea. Koroga upendavyo, ukiacha tu, yanapanda tena juu. Sasa tia sabuni kidogo, ukoroge kwa nguvu. Tazama: maji yamekuwa meupe kama maziwa ya mchuuzi asiye mwaminifu. Mafuta hayakupotea. Yamevunjika kuwa matone madogo mno, na kila tone limevikwa koti la sabuni linaloliwezesha kukaa ndani ya maji.

Hivyo ndivyo mafuta ya chakula yanavyosafiri katika damu yako, ila koti lake si la sabuni. Ni koti la fosfolipidi na protini, linaloshonwa na utumbo mwembamba. Mtu aliyekula mlo wa mafuta mengi akatolewa damu baada ya saa chache, na damu ile ikaachwa itulie mpaka chembe nyekundu zishuke chini, maji yake ya juu huwa na weupe kama huo wa bilauri yako. Weupe huo si ugonjwa. Ni shehena iliyo njiani. Tunalotaka kujua leo ni hili: shehena hiyo hukaa njiani kwa muda gani, na ni nani anayeamuru ipakuliwe?

Anayeamuru ni insulini. Najua wengi wenu mtashangaa, maana tumezoea kusikia kwamba insulini ni ya sukari tu. Juma lililopita tulisema kwamba hutoka katika kongosho, ile tezi iliyo nyuma ya tumbo, na kwamba huingiza sukari katika misuli. Ni kweli. Lakini hiyo ni nusu ya kazi yake. Kabla insulini haijagunduliwa, huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, madaktari walikuwa wakiwaona wagonjwa wa kisukari kikali ambao damu yao ilikuwa nyeupe kama maziwa, hata mishipa midogo iliyo ndani ya jicho ilionekana imepauka. Walipopata insulini, pamoja na sukari kushuka, damu yao ilisafika na mafuta. Basi mambo hayo mawili yalikuwa mkononi mwa mlinzi mmoja tangu mwanzo.

Tufanye hesabu kidogo, ili tujue ukubwa wa kazi yenyewe. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi, na katika hizo yale maji ya damu, yaitwayo plazima, ni kama lita 3. Asubuhi kabla hajala, mtu ambaye kipimo chake cha mafuta aina ya trigliseridi ni milimoli 1 kwa lita, ana mafuta hayo gramu 3 tu, tena hazitimii, katika plazima yake yote. Hata kijiko cha chai hakijai! Sasa sahani ya pilau pamoja na sambusa zake yaweza kubeba gramu 40 za mafuta, yaani kama vijiko vitatu vikubwa. Vijiko vitatu vikubwa vinapita katika mto ambao kwa kawaida hauna hata kijiko kimoja kidogo. Hapana budi yapakuliwe upesi kadiri yanavyoingia, la sivyo mto utajaa.

Wapishi wa pilau wasinikasirikie. Sikusema pilau ni sumu. Nataka tuifuate tu inakokwenda.

Tuseme mabwana wawili wamekaa kwenye sinia moja harusini, saa saba mchana. Umri wao mmoja, na wote wawili wanaonekana wazima. Tofauti ni kwamba mmoja, yule aliyejaa kiunoni, yumo katika hali ya kuelekea kisukari, wala yeye mwenyewe hana habari. Wanakula sawa. Sukari inayotokana na wali hupita katika mshipa unaokwenda moja kwa moja mpaka kwenye ini. Mafuta hufuata njia nyingine. Utumbo huyavika koti, ukayafanya majahazi madogo yaitwayo kilomikroni, na majahazi hayo husafiri polepole katika mishipa ya limfu, hupanda kifuani, na kuingia katika damu karibu na shingo, upande wa kushoto. Ndiyo sababu mafuta huchelewa. Sukari ya mlo hupanda mapema, mnamo saa ya kwanza kwa mtu mzima. Mafuta huendelea kupanda kwa saa tatu au nne. Wakati mabwana wetu wanaposimama kwenda zao, saa kumi jioni, ndipo bandari imejaa kabisa.

Bandarini kuna makuli. Wamekaa katika kuta za mishipa ile midogo kabisa ya damu, iliyo ndani ya misuli na ndani ya ghala la mwili, yaani nyama ya mafuta iliyo chini ya ngozi. Makuli hawa ni kimeng'enya, kitu kinachovunjavunja kitu kingine mwilini. Mwaka 1955 mtaalamu wa Marekani, Edward Korn, alikipa jina la lipasi ya lipoprotini. Jina refu, sisi tutawaita makuli tu. Jahazi likifunga gati, makuli huyakata mafuta yake vipande vipande yakapita ukutani na kuingia ndani.

Na makuli wana nyapara wao, naye ndiye insulini. Mlo unapoingia, kongosho humtuma nyapara huyu, naye huenda kila mahali na amri yake. Kwa makuli wa ghala husema: amkeni, ongezekeni, shehena inakuja. Ndani ya ghala penyewe husema: fungeni mlango wa nyuma, mafuta ya akiba yasitoke sasa, kwa kuwa ya nje yanaingia. Halafu huenda kwenye ini. Lazima mjue kwamba ini nalo lina majahazi yake. Usiku na wakati wa njaa hutengeneza mafuta na kuyatuma mwilini, nayo ni kazi njema kabisa. Kwa ini nyapara husema: zuieni majahazi yenu kwanza, bandari ina wageni.

Bwana wa kwanza, mwenye afya, amri zote zinatiiwa. Kufika saa mbili au saa tatu usiku damu yake imekwisha kusafika, au karibu.

Kwa jirani yake mambo ni mengine. Nyapara anakuja, tena anakuja kwa wingi, lakini masikio yamekuwa mazito. Makuli wa ghala wanaamka nusunusu. Mlango wa nyuma haufungwi sawasawa, kwa hiyo mafuta ya akiba yanamwagika katika damu wakati ambapo hayatakiwi, na mengi yanakwenda kwenye ini. Ini likiyapokea hufanya nini? Huyapakia. Nalo amri ya kuzuia majahazi halikuisikia vizuri. Basi sasa bandarini yamekutana majahazi ya utumbo na majahazi ya ini, gati ni lile lile, makuli ni wale wale waliolala nusu. Yanangojana. Bwana huyu anaketi kula chakula cha usiku, saa mbili, na mafuta ya pilau ya mchana bado hayajaisha.

Kuna jambo moja la ajabu hapa, nami naona ndilo kiini cha uharibifu wote. Ini halikuwa kiziwi kwa kila amri. Amri ya kuacha kutoa sukari na ya kuzuia majahazi hailitii sawasawa; lakini iko amri nyingine ya insulini, ile isemayo "geuza ziada ya sukari kuwa mafuta", na hiyo huendelea kusikika barabara. Na kwa kuwa kongosho hutuma manyapara wengi ili kushinda uziwi, amri hiyo moja hupigwa kwa sauti kubwa zaidi. Hivyo chai ya sukari nyingi na soda za barafuni zinageuzwa majahazi ya mafuta, ingawa hazikuwa na tone la mafuta ndani yake. Nusu ya sukari ya mezani ni aina iitwayo fruktosi, ambayo sehemu yake kubwa hushughulikiwa na ini. Mwenye kuacha samli huku anakunywa chupa tatu za soda kwa siku amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Huo uziwi wa mwili haukujulikana jana. Mwaka 1936, London, Harold Himsworth aliwapa wagonjwa wa kisukari sukari ya kunywa pamoja na sindano ya insulini, akaona kwamba wengine insulini iliwafaa upesi na wengine haikuwafanya neno. Mwaka 1960 Rosalyn Yalow na Solomon Berson, wa New York, walieleza njia yao ya kupima insulini iliyomo katika damu, na ikaonekana kwamba wengi waliopata kisukari cha utu uzima hawakuwa wamepungukiwa na insulini. Walikuwa nayo tele. Bibi Yalow alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1977. Mwenzake alikuwa amekwisha kufariki.

Sasa utaniuliza: mafuta yakichelewa saa chache, kuna hasara gani? Jahazi kubwa la utumbo, likiwa limejaa, haliwezi kupenya ukuta wa mshipa wa moyo. Ni kubwa mno. Lakini likipakuliwa nusu, likaachwa lizunguke, hubaki gofu dogo lililopungua mafuta, na ndani yake imesalia kolesteroli. Gofu hilo hupenya. Likishapenya hunaswa ukutani, na kolesteroli yake hukaa huko, siku baada ya siku, mlo baada ya mlo. Donald Zilversmit aliandika mwaka 1979, huko Marekani, kwamba ugonjwa wa kuziba mishipa yafaa utazamwe kama jambo linalotendeka baada ya chakula. Kule Copenhagen, Denmark, wakazi 13,981 walipimwa mafuta ya damu bila kufunga kula, kuanzia mwaka 1976 hadi 1978, wakafuatwa mpaka 2004. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: kadiri trigliseridi za baada ya chakula zilivyokuwa nyingi, ndivyo walivyozidi kupatwa na shambulio la moyo na kufa.

Fikiri basi. Mtu anayekula mara tatu, pamoja na vitafunio vya saa nne na saa kumi, huwa katika hali ya baada ya chakula sehemu kubwa ya siku yake. Saa ambazo damu yake haina shehena ni zile za karibu na alfajiri tu. Lakini kwa miaka mingi ndizo tulizochagua kumpimia mafuta! Ni kama kwenda kuhesabu watu sokoni usiku wa manane. Denmark waliacha kuwataka watu wafunge kula kabla ya kupimwa mafuta tangu 2009, na mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walishauri hivyo hivyo, wakisema kwamba kwa mtu aliyekula kama kawaida trigliseridi zikifika milimoli 2.0 kwa lita zimezidi. Kupima baada ya kufunga bado kuna mahali pake, na daktari wako akikutaka ufunge, funga.

Hapa nataka mtulie, maana linatuhusu sisi hasa. Uchunguzi uliofanywa kwa watu wenye asili ya Kiafrika, huko Marekani na katika Afrika yenyewe, umeonyesha kwamba wengi wao trigliseridi za asubuhi huwa chini hata kama insulini yao imekwisha kukosa nguvu. Kwa watu wa Ulaya kipimo hicho hupanda mapema na kumshtua daktari. Kwa wengi wetu hakipandi. Inaelekea makuli wetu huendelea na kazi vizuri zaidi hata nyapara asiposikiwa. Ni jambo jema, lakini lina hila. Mtu anapewa karatasi inayosema mafuta yake ni sawa, anaikunja, anaitia mfukoni, na anarudi nyumbani akidhani hana neno. Karatasi ile haikusema lolote juu ya insulini yake. Aliyejaa kiunoni, au mwenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, au mama aliyepata sukari wakati wa mimba, huyu asiridhike na karatasi ya mafuta peke yake. Na apime sukari.

Na vipimo vyenyewe ni hivi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa kati ya milimoli 6.1 na 6.9 kwa lita, mtu yumo katika hali ya kuelekea kisukari. Chama cha Kisukari cha Marekani huanza kuhesabu kwenye 5.6. Njia nyingine ni kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa baada ya saa mbili. Ikiwa kati ya 7.8 na 11.0, ni hali hiyo hiyo. Mtu huyu hasikii kiu, hakojoi mara nyingi, hakondi. Huambiwa, "Bado hujawa mgonjwa," naye hulisikia neno "hujawa" akalisahau neno "bado". Lakini katika muda huo huo magofu yanapenya kuta za mishipa yake. Moyo haungoji mpaka daktari aandike neno kisukari.

Dawa ya kwanza ya hali hii haiuzwi dukani. Nilisema makuli wamo katika ghala na pia katika misuli. Makuli wa ghala humngoja nyapara. Wale wa misuli hawamngoji. Wao huamshwa na kazi. Misuli ikitumika, huongeza makuli wake, na ongezeko hilo huonekana baada ya saa kadhaa. Kwa sababu hiyo mwendo wa haraka wa leo jioni hupunguza mafuta ya damu ya mlo wa kesho. Si jambo la kufanya mara moja ukalihifadhi: siku mbili tatu bila kujishughulisha, faida imekwisha. Mkulima anayelima kila siku na mama anayepanda mlima na ndoo kichwani wanalipata hili bila kufundishwa. Ni sisi wa kiti na wa basi tunaopaswa kulitafuta kwa makusudi.

Pili ni kupunguza kiuno, na si lazima upungue sana. Marekani, katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2002, watu 3,234 wenye hali ya kuelekea kisukari waligawanywa makundi. Wale walioelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa juma walipungukiwa na hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58; waliopewa vidonge vya metformini, kwa asilimia 31. Mwenye kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu tu. Na kule Da Qing, China, kuanzia mwaka 1986, watu 577 wenye hali hii walitiwa katika majaribio ya chakula na mazoezi kwa miaka 6. Walipotazamwa baada ya miaka 30, wale walioelekezwa walikuwa wamechelewa kupata kisukari kwa karibu miaka 4, magonjwa ya moyo na mishipa yalikuwa yamepungua kwao kwa robo hivi, na waliishi zaidi kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Miaka 6 ya mafunzo, faida ya miaka 30. Mimi sijui biashara inayolipa hivyo.

Juu ya chakula nitasema machache, maana mengi mmekwisha kuyasikia. Sukari ya chai ipungue kwanza, na soda iwe ya sikukuu. Usirundike vya kukaanga juu ya vya kukaanga katika mlo mmoja: chapati ya mafuta, na viazi vya kukaanga, na sambusa. Maharage na mboga za majani vipewe nafasi kubwa zaidi katika sahani. Pombe pamoja na mlo wa mafuta huzidisha msongamano bandarini, kwa kuwa huliongezea ini majahazi. Na chakula kikubwa kisiwe cha usiku wa manane, ukala ukalala.

Msikilizaji mmoja aliuliza kwa barua kama anaweza kuacha vidonge vyake vya mafuta, maadamu ameanza kutembea. Hapana, bibi. Endelea na vidonge na utembee, kisha umwambie daktari wako kwamba unatembea, naye ndiye atakayeamua kupunguza au kutopunguza. Mwingine anauliza kama aache kabisa mafuta ya nazi na samli. Sioni haja ya kuacha kabisa. Pima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa. Utashangaa jinsi mkono unavyodanganya.

Juma lijalo, saa ile ile, tutalizungumza ini lenyewe, na jinsi linavyoweza kujaa mafuta hata kwa mtu asiyekunywa pombe. Kwaherini.